Kadi ya Kusubiri Zamu

Kampuni yao ilikuwa na watu watatu, meza moja ya chakula ambayo siku hizi hailiwi chakula, na feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu. Aliyekaa kulia alipata upepo. Aliyekaa kushoto alipata sauti ya upepo. Kimya alikaa kushoto. Hakuna aliyempangia; siku walipohamia katika chumba cha stoo cha nyumbani, wenzake walikimbilia viti, naye akachukua kilichobaki, kama kawaida yake.

Jina lake la kweli lilikuwa limebaki kwenye cheti cha chuo. Nyumbani walimwita Kimya tangu akiwa mdogo, na si kwamba hakuweza kusema. Akiwa peke yake na karatasi alipiga soga, aliimba, aligombana na penseli mpaka mtu wa nje angedhani ana mgeni. Tatizo lilikuwa macho ya watu. Yakimgeukia yote kwa pamoja, maneno yalimkauka kooni na masikio yakawaka moto.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza kadi za picha kwa ajili ya watoto waliochelewa kusema. Ilianza na Kidoti, binti wa dada yake Kimya, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya alama ndogo juu ya mdomo. Kidoti alikuwa na miaka minne, akielewa kila kitu ila hasemi takriban chochote. Siku moja Kimya alimchorea kikombe. Si kikombe chochote, bali kile cha plastiki cha bluu chenye mkono uliovunjika, ambacho bila hicho Kidoti hakukubali kunywa. Mtoto aliitazama picha, akakitazama kikombe rafuni, akaichukua karatasi na kumbandika mama yake kiganjani: paa! Nipe maji. Mama mtu ni mwalimu wa chekechea, amezoea vilio vya watoto wa wenzake bila kutoa chozi, lakini siku hiyo alilia huku ameshika sufuria.

Aliyeigeuza karatasi hiyo kuwa kampuni alikuwa binamu yao, mtoto wa mjomba, ambaye wote walimwita Bosi. Utotoni hakukubali kucheza mchezo wowote ambao si yeye anayetuma wengine dukani. Amewahi kuuza simu, akauza bima, akauza magodoro, na angeweza kumuuzia mtu mwavuli akiwa sebuleni kwake. Alipoziona kadi alishika kichwa.

"Jamani! Mmekalia dhahabu mnaifanya mto!"

Kesho yake walikuwa na kampuni.

Na kampuni ilikuwa na sheria moja. Bosi ndiye aliyeisababisha, maana wiki ya kwanza alileta mashine ya kufunika kadi kwa plastiki. Alikuwa ameipata kwa bei ya kutupa, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuitumia, yeye akiwemo. Mashine ilimeza kadi zote za mwanzo ikazitema zimejikunja kama majani ya kabichi. Dada Mwalimu, yaani mama yake Kidoti, akakata kauli: kuanzia siku ile, atakayeleta kifaa kipya atasimama pale mlangoni mbele ya wenzake na kukifundisha, mpaka kila mmoja aweze kufanya nacho kazi kwa mkono wake mwenyewe. Wakishindwa, kifaa kinarudi kilikotoka.

Bosi aliipenda sheria hiyo kwa sababu alipenda kusimama. Kimya aliitii kwa kutoleta kitu chochote.

Mambo yalianza Jumatatu, siku Dokta alipopiga simu. Huyu Dokta alikuwa mtaalamu wa matamshi katika kliniki ya watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza. Alikuwa akisema kila mara, "Wanangu, mimi si daktari," na kila mara wakimjibu, "Sawa, Dokta." Alitaka seti nzima ya kadi kwa ajili ya chumba chake, na picha moja kubwa ya kubandika kwenye mlango wa choo. Angekuja Ijumaa kuziona. Zikimpendeza, angezitumia kwa watoto wake wote.

Mpaka hapo Kimya alikuwa akichora kwa mkono, wanapiga picha kwa simu, wanachapa. Kadi nyingine zilitoka na kivuli cha kichwa cha Bosi pembeni. Kwa kazi ya Dokta, hilo lisingewezekana tena. Walihitaji programu ya kuchorea.

"Nimeshalimaliza hilo," Bosi alisema, amekaa chini ya upepo wa feni. "Tunachukua ile kubwa. Ile wanayotumia wenye majina yao. Unalipia kila mwezi, basi, unakuwa mtu kati ya watu."

"Nani kati yetu anaijua?" Dada Mwalimu aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake! Kuna rafiki yangu, fundi wa michoro, anaipiga kama kinanda. Anakuja nayo. Yeye anachora, sisi tunauza."

"Na Kimya?"

Bosi alimgeukia binamu yake kwa uso uliojaa ukarimu. "Kimya nimemfikiria kabla ya wote. Kimya atakuwa Mkuu wa Ukataji. Haki ya nani, sijaona mtu mwenye mkono mtulivu kama wake kwenye mkasi."

Alisema kwa moyo safi, kama anayemvisha mtu joho. Kimya aliutazama mkasi uliokuwa mezani. Aliona kadi zikija, moja baada ya nyingine, zimechorwa na mtu ambaye hajawahi kukiona kikombe cha bluu wala kumwona Kidoti akikisubiri. Yeye kazi yake itakuwa kuzungusha kona zisiwachome watoto vidole.

Lililomuuma zaidi ni kwamba programu alikuwa nayo. Chuoni walifundishwa kwa ile kubwa, kwenye maabara yenye kompyuta za chuo. Alipomaliza masomo akajikuta hana kompyuta ya chuo wala pesa ya kulipia, akahuzunika kama aliyenyang'anywa vidole. Ndipo akapata nyingine mtandaoni, ya bure, bure kabisa, iliyotengenezwa na watu wanaoigawa kwa hiari yao. Alijifunza peke yake, mlango umefungwa, mpaka akaijua nje ndani. Alichotakiwa kufanya sasa ni kufungua mdomo tu na kusema: mimi ninayo.

Lakini anayeleta anafundisha. Kwa kusimama. Pale mlangoni.

"Unasemaje, Kimya?" dada yake alimuuliza.

"Sawa tu."

Dada Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Bosi alipata somo lake kesho yake. Alipakua ile programu kubwa kwa muda wa majaribio, akaiweka kwenye kompyuta ya kampuni, ambayo kusema ukweli ilikuwa ya zamani na ilishazoea kazi ndogondogo. Aliibofya. Kompyuta ilivuta pumzi. Feni yake ya ndani ikaanza kulia, ikapandisha, ikaishinda hata ile ya ukutani. Kioo kikaganda.

"Inafikiria," Bosi alisema.

"Inafikiria au inakata roho?"

"Dada, hii ni programu nzito. Lazima tununue na kompyuta yenye nguvu."

"Kwa hiyo kwanza programu, halafu kompyuta ya kuibeba, halafu rafiki yako wa kuiendesha." Dada Mwalimu alikunja mikono. "Hiyo ni programu au ni bibi harusi? Mbona inakuja na ukoo?"

Kuanzia hapo ile programu ikaitwa Tembo. Ila hata Tembo hakuwa ametoka kabisa, kwa sababu Bosi si mtu wa kukubali kwa mara moja.

Zamu ya pili akaichukua Dada Mwalimu mwenyewe. Alileta programu ya mtandaoni, isiyohitaji hata kupakuliwa, yenye maelfu ya picha tayari. Unachagua, unavuta, unaweka jina chini yake. Alisimama mlangoni akafundisha kama anavyofundisha wanawe wa chekechea, kwa mikono miwili na nyusi, na jioni haijaingia hata Bosi alikuwa ameshatengeneza kadi ya kuku. Seti nzima ikapatikana siku hiyohiyo. Ilipendeza, rangi zake zikimetameta. Kimya alizikata kona kwa mkono mtulivu, moyoni akijiambia kwamba basi, yamekwisha, na yameisha vizuri.

Hayakuwa yameisha, maana Kidoti alikuwa bado hajaziona.

Kwanza walimpa kadi mpya ya maji. Ilikuwa na bilauri ndefu yenye mrija, kipande cha ndimu na mwavuli mdogo juu yake. Kidoti aliigeuza upande wa nyuma kuona kama maji yako huko, akaiweka chini. Kisha akaona kadi ya choo. Hii ilikuwa na alama ile ya kwenye milango, mwanamume na mwanamke wamesimama bega kwa bega. Kidoti aliinyanyua. Macho yakamng'aa. Akaenda mbio kumbandika mama yake kiganjani: paa!

"Umeona!" Bosi alishangilia. "Inafanya kazi!"

Dada Mwalimu alimbeba mtoto mbiombio hadi chooni. Wakarudi. Kidoti akaiokota tena ile kadi, akampa tena. Wakaenda tena. Waliporudi akampa Bosi, na Bosi kwa heshima ya kampuni akampeleka na yeye.

"Huyu mtoto amekula nini?" aliuliza aliporudi, jasho linamtoka.

Safari iliyofuata ilimwangukia Kimya. Alimkalisha Kidoti, akachuchumaa mbele yake ameshika taulo. Hakuna kilichotoka isipokuwa machozi. Kidoti aliishika kadi kwa mikono yote miwili, akaweka kidole juu ya yule mwanamume, halafu akaonyesha mlango wa nje. Mwanamume. Mlango wa nje.

Baba yake Kidoti alifanya kazi mbali, akirudi mwisho wa mwezi.

"Dada," Kimya aliita kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Njoo. Mtoto hataki choo. Anamtaka baba yake."

Dada Mwalimu alisimama kizingitini. Akaitazama kadi, mume na mke bega kwa bega, akakaa palepale sakafuni. Wakampigia baba mtu simu, na Kidoti akasikiliza sauti yake, sikio limegandana na simu, miguu inaning'inia juu ya choo ambacho hakuwahi kukiomba.

Jioni ile hakuna aliyecheka, ingawa baadaye wote walikuja kucheka mpaka mbavu ziwaume. Na kama vile haikutosha, ile alama waliyoikuza kwa ajili ya mlango wa kliniki ilitoka imevunjikavunjika vipande vya mraba, mwanamume na mwanamke wamejengwa kwa matofali.

"Tumerudi kwa Tembo," Bosi alisema, akitoa simu mfukoni. "Nampigia rafiki yangu, aje kesho. Ijumaa haitusubiri."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina. Kimya alinyoosha mkono.

"Subiri."

Walimgeukia wote wawili. Macho manne. Maneno yakakauka mara moja, kama kawaida yao.

"Kesho," alisema. "Mimi. Kesho nitasimama."

Akatoka upesi kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Alifanya mazoezi mbele ya kioo. "Ndugu zangu," alikiambia kioo, "leo nitawaonyesha..." Kioo kilimtazama, masikio yakawaka. Alijaribu akiwa amefumba macho, akasahau alichotaka kusema. Alijilaza kitandani akawaza jinsi ya kuugua kesho yake bila kumtia mtu wasiwasi.

Asubuhi alimkuta Kidoti jikoni na kadi zake za zamani, zile za mkono zilizochakaa kona. Mtoto aliweka kadi ya mkate. Mama yake akampa. Akaweka kadi yenye mshale unaozunguka, yaani tena. Akapewa. Akaiweka tena.

"Basi, mama. Umeshiba."

Kidoti akaisukuma ile kadi mbele kidogo, bila haraka, kama mwanasheria. Dada Mwalimu akacheka, akakata kipande kingine.

Kimya alisimama na kikombe mkononi. Mtoto huyu ameomba, amekataliwa, amebishana na ameshinda, na hajafungua mdomo ila kuweka mkate. Akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua karatasi.

Mchana, alisimama mlangoni. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa mezani mbele ya wanafunzi wake wawili, programu ya bure imefunguka bila kelele yoyote. Hakusema "ndugu zangu." Alinyanyua kadi.

Ilikuwa na picha ya kalamu yenye vitone viwili. Akaigusa, akaonyesha kioo. Dada Mwalimu aliipata alama ileile pembeni mwa kioo, akaibofya. Kimya akanyanyua ya pili: kitone, kitone, mstari katikati yao. Dada akaweka kitone, akaweka kingine, mstari ukajitokeza.

"Ala!" alisema dada mtu.

"Hii ya bure itatuuza," Bosi alianza. "Kitu kizuri nani anakigawa hivihivi? Mimi nimeuza simu, naijua biashara, na mteja akituuliza tunatumia nini..."

Kimya alinyanyua kadi nyingine. Ilimwonyesha mtu mwenye kichwa kikubwa, amefumba mdomo, amekaa juu ya mikono yake, na pembeni watu wawili wakicheza mpira. Hiyo kadi ilikuwa kwenye seti ya watoto. Maana yake ni subiri zamu yako.

Dada Mwalimu alicheka mpaka akalalia meza. Bosi alifumba mdomo kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kufumbwa. Na mara mbili tena alipoufungua, kadi ilipanda juu kabla neno halijatoka.

Wakaendelea. Kadi ya kupinda mstari. Kadi ya kumwaga rangi. Alipofika kwenye kadi ya kukuza, Kimya aliivuta picha ya kikombe ikajaa kioo chote, na ukingo wake ukabaki laini, bila tofali hata moja. Hapo alijikuta anasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya anapogombana na penseli:

"Hii haikumbuki rangi tu, inakumbuka mstari ulipopita. Ndiyo maana unaweza kuikuza mpaka ifunike nyumba. Ila ina kasoro zake. Menyu zimejazana kama kabati la bibi. Na bluu yake ukichapa inaelekea zambarau, kwa hiyo lazima kwanza tuchape kipande cha kujaribia, turekebishe, ndipo tuchape zote."

Alistuka kusikia maneno yote hayo yametoka. Wenzake walikuwa wanatazama kioo wala si yeye. Labda ndiyo sababu.

Mtihani ulikuwa kila mmoja achore kitu kimoja bila kusaidiwa. Dada Mwalimu alichora ndoo. Bosi alichora kiatu, na kilifanana na boga lililokaliwa, lakini alikitoa mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Alikitazama kwa muda. "Kimya," alisema taratibu, "hii kitu ulikuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nikupe mkasi?"

"Ulinipa kwa furaha sana."

Bosi alijikuna kisogo. Kisha akachukua simu na kumwambia rafiki yake asisumbuke.

Ijumaa Dokta alikuja na mkoba wake mkubwa. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, wanangu. Mimi si daktari." Kimya alikuwa amechora upya kila kadi, na kwa ajili ya mlango alikuwa amechora choo cha kliniki yenyewe, kama Dokta alivyomweleza kwenye simu: bakuli jeupe, ndoo nyekundu pembeni, na kigoda cha kupandia. Bluu ya vigae ilikuwa bluu kwelikweli. Dokta alizipitia kadi polepole bila kusema neno, na kimya hicho kilimtesa Bosi kuliko mtu yeyote.

"Tunatumia programu ya bure, lakini..." Bosi alianza.

"Programu?" Dokta hakuinua macho. "Mwanangu, mtoto akinyanyua hii kadi akapewa maji, hatauliza programu." Alifika kwenye kikombe cha bluu chenye mkono uliovunjika, akatabasamu. "Nani amechora?"

Bosi alifungua mdomo, si kwa ubaya, ni mazoea tu. Kadi ya kusubiri zamu ilipanda juu mbele ya pua yake.

"Mimi," Kimya alisema.

Masikio yaliwaka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Basi wewe ndiye ninayekutaka," Dokta alisema. "Seti hizi nazichukua zote. Ila kila nyumba ina kikombe chake. Ningependa uje kliniki uwaonyeshe wazazi namna ya kuchora vya kwao kwa hiyo programu yenu, maadamu ni ya bure, hata wao wataipata. Wanakuja wengi, chumba kinajaa. Utasimama mbele tu."

Dada Mwalimu na Bosi walimgeukia kwa pamoja, wakisubiri ile "sawa tu" yake. Kimya aliona chumba kimejaa, aliona macho yote yale. Kisha akaona mikono, kila mkono umeshika kadi.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitakuja na kadi nyingi."

Dokta alipokwisha kuondoka, Kimya alirudi chumbani, akavuta kiti kilichokuwa karibu na kukaa. Upepo ulimpiga usoni. Bosi alisimama juu yake, akatazama huku na huku, akazunguka meza na kukaa kushoto.

"Huku hakuna upepo!" alilalamika.

"Kuna sauti yake," Kimya alimwambia, akamsogezea mkasi.